Walimpigia Makofi Nani?

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya simu moja iliyopigwa usiku. Ilikuwa simu ya mchezo tu, katika televisheni ya Marekani, tarehe 15 Septemba 2013. Hata hivyo watazamaji waliigombania kama watu wanavyogombania kesi ya jirani yao, na katika ugomvi ule mioyo ya watazamaji wenyewe ilifunuliwa.

Mchezo huo waitwa Breaking Bad. Mtungaji wake ni Vince Gilligan, nao ulionyeshwa tangu mwaka 2008 hata 2013, sehemu 62 kwa jumla. Ni habari ya Walter White, mwalimu wa kemia katika mji wa Albuquerque, mtu mpole, mwenye mke aitwaye Skyler, na mwana mwenye ulemavu, na mtoto mwingine angali tumboni. Alipotimiza miaka 50, waganga walimwambia kuwa ana saratani ya mapafu. Akawaza: nikifa, jamaa yangu watakula nini? Basi akaichukua elimu yake, akaanza kupika dawa ya kulevya pamoja na kijana aliyekuwa zamani mwanafunzi wake. Na huku Hank, mume wa ndugu yake Skyler, ni polisi mwenye kazi ya kuwasaka wauzaji wa dawa hizo hizo.

Ni mzazi gani asiyemhurumia mtu huyo? Nasi twamhurumia. Lakini shikeni jambo hili moja: mapema kabisa katika habari hiyo, rafiki zake wa zamani, watu matajiri, walijitolea kumlipia matibabu. Akakataa. Mlango wa halali ulikuwa wazi mbele yake, naye akaufunga kwa kiburi.

Tangu hapo alishuka ngazi moja moja. Aliua. Alisimama akitazama binti mmoja akisongwa na matapishi yake usingizini, wala hakunyosha mkono kumwokoa. Alimtilia sumu mtoto mdogo ili apate kumgeuza kijana mwenzake. Na kila mara alisema maneno yale yale: ni kwa ajili ya jamaa yangu.

Sasa tufike kwenye simu. Katika sehemu ya 60 Hank amekwisha uawa jangwani na wenzake waovu wa Walter. Walter anarudi nyumbani, anataka wote wakimbie pamoja naye. Skyler anashika kisu. Mume na mke wanapigana chini, na mwana wao anajitupa kati yao kumkinga mama yake, kisha anawaita polisi. Walter anamnyakua mtoto mchanga na kuondoka. Usiku anapiga simu. Polisi wamekaa nyumbani wakisikiliza, naye ajua kuwa wasikiliza. Ndipo anaanza kumtukana mkewe: wewe mpumbavu, hukuwa na shukrani, kazi yako ilikuwa kulalamika tu, niliyafanya yote peke yangu. Lakini machozi yanamtoka anaposema hayo. Alitaka polisi waamini kuwa Skyler hakuwa na shauri lolote katika makosa yake, ili asifungwe. Kisha alimwacha mtoto mahali salama, kwa wazima moto.

Watazamaji walisema nini? Walitengana makundi matatu. Wa kwanza walifurahi: «Hatimaye amemwambia mwanamke yule maneno yanayomstahili!» Wa pili walisema: «Tazameni, huyu ni baba mwema, amejitwika makosa yote ili mkewe aokoke.» Wa tatu walisema kwamba simu ile ilikuwa na mambo mawili ndani yake: mume alimwokoa mkewe kwa uongo, lakini hasira aliyoitumia ilikuwa hasira yake ya kweli, iliyokaa moyoni siku nyingi. Emily Nussbaum, mwandishi wa gazeti The New Yorker, alionyesha kwamba matusi ya simu ile yalifanana sana na yale ambayo watazamaji walikuwa wakimtupia Skyler kwa miaka mingi. Hivyo waliopiga makofi walikuwa wakiyasikia maneno yao wenyewe kinywani mwa mwuaji.

Maana ni kweli kwamba walimchukia. Majuma machache kabla ya hapo, tarehe 23 Agosti 2013, Anna Gunn, mwigizaji aliyecheza kama Skyler, aliandika katika gazeti The New York Times akieleza mambo yaliyompata. Watu maelfu walikuwa wamejiunga kwenye intaneti ili kumchukia mke huyo wa mchezo, na chuki hiyo ilivuka mpaka ikamfikia yeye mwenyewe, mtu wa damu na nyama. Mmoja aliuliza apatikane wapi ili amwue.

Mtasema: Skyler naye hakuwa malaika. Ni kweli. Alitoka nje ya ndoa, tena baadaye alisaidia kuzificha fedha za mumewe katika biashara ya kuosha magari. Lakini pimeni kwa mizani moja. Mume aliua watu, akasamehewa. Mke aliuliza, «Ulikuwa wapi?», akahukumiwa. Iliwezekanaje?

Sisi twaona sababu mbili.

Ya kwanza ni siri. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tangu siku ya kwanza mtazamaji aliijua siri ya Walter, na mke hakuijua. Kwa hiyo mtazamaji alikuwa mshirika wake. Kila Skyler alipobisha mlango au kufungua kabati, mtazamaji alishtuka pamoja na mwenye kosa, akaogopa asije akagunduliwa. Ukiisha kuogopa pamoja na mtu mara nyingi, wamwona kuwa ndugu yako, na anayemtafuta wamwona kuwa adui. Hata watoto wetu, wakisikia hadithi za Sungura, humshangilia Sungura mwizi, wala hawamwulizi mwenye shamba amelima siku ngapi.

Ya pili ni uchovu wa kusikia «hapana». Mwovu huleta mambo mapya kila siku: fedha, mbio, hatari. Anayekataza huleta neno moja tu. Katika mchezo neno hilo lachosha, kwa kuwa laizuia hadithi isiendelee. Lakini nyumbani neno hilo hilo ndilo linalowazuia watoto wasiamshwe usiku na polisi.

Mchezo wenyewe ulitoa hukumu yake. Katika sehemu ya mwisho, tarehe 29 Septemba 2013, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 10, Walter alirudi kwa siri kumwona Skyler. Alipoanza kueleza, mke alidhani kuwa atasikia tena yale ya jamaa, akataka kumkatiza. Lakini safari hii mume alikiri: aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu aliyapenda na kuyaweza. Basi mke aliyeitwa mlalamikaji ndiye aliyekuwa amesema kweli muda wote. Anna Gunn naye alikuwa amepewa tuzo ya Emmy juma moja kabla ya hapo, na mwaka 2014 akapewa tena.

Hatusemi kwamba michezo ya namna hiyo isitazamwe na watu wazima. Mchezo huo ni wa ustadi mkubwa, na haukuufunika uovu hata ukaonekana wema. Twasema tu kwamba macho yenu yasiwe ya bure. Vijana, mkikuta mnamshangilia mtu, simameni kidogo mjiulize: twamshangilia kwa kuwa ana haki, au kwa kuwa tumeandamana naye tangu mwanzo? Nanyi wazazi, kesi ikifika barazani kwenu, aliyekuja kwanza kuwasimulia ndiye Walter wenu. Amekwisha watia sirini mwake, na mwenzake atakapoingia, maneno yake yatasikika kama kelele tu. Mpeni kiti. Msikilizeni hata mwisho, kabla hamjampigia makofi mtu yeyote.