Mahindi yenye ukungu, eti "wape kuku"

Wadau, hapa Karatu kuna tabia tunaiona ya kawaida kabisa. Mahindi yakichambuliwa, mazuri yanaenda mashineni, yenye ukungu wanatupiwa kuku. Kuku wakianza kuzubaa na kupukutika, jibu tunalo: "Mdondo huo!"

Mdondo upo, sikatai. Lakini hivi, tunajiuliza walikula nini? Aflatoksini, sumukuvu tunayoisikia sana, iligunduliwa kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo ikaua watu Dodoma na kwa majirani zetu Manyara.

Sasa kuna nyingine ambazo hazisemwi. Kuvu wa fusariamu hushika mahindi yakiwa bado shambani. Wanatoa fumonisini, na pia sumu ambazo wataalamu wameanza kuzifuatilia miaka ya karibuni: bovericini, eniatini na moniliformini. Hii ya mwisho inashambulia moyo wa kuku. Aflatoksini nayo, hata ikiwa kidogo, inashusha kinga, yaani unachanja halafu chanjo haishiki vizuri.

Kwenye mahindi ya chakula, Afrika Mashariki tuna kikomo cha aflatoksini: mikrogramu 10 kwa kilo. Bovericini na eniatini je? Hata Umoja wa Ulaya haujaziwekea kikomo kwenye chakula cha mifugo.

Halafu kuna pumba. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo tukikoboa ili sisi tule sembe safi, uchafu tunamhamishia kuku. Na si Karatu peke yake. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, mahindi yanapanda kutoka huku chini. Gunia bovu linapanda nayo.

Kupika hakuondoi sumu hizi. Dawa ni kukausha juu ya turubai mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, na yenye ukungu kuyafukia. Najua, kumwambia mama mwenye kuku ishirini afukie debe zima si mchezo. Ndiyo maana nasema upimaji usiishie kwenye maghala makubwa. Sheria ya vyakula vya mifugo tunayo tangu 2010, basi ishuke mpaka kwenye mashine na maduka ya pumba.

Mnasemaje wadau, nani alipie hilo debe?