Hakuna Sheria ya Miaka Saba

Nimeisikia kwenye kijiwe cha bodaboda pale Igunga mjini. Nimeisikia Ziba, nimeisikia Nkinga. Nimeisikia kwa mzee wa baraza mwenye mvi zake na kwa mwandishi mwenzangu mwenye digrii yake: "Kisheria, mtoto akitimiza miaka saba anakwenda kwa baba." Inasemwa kama mtu anavyosema jua huchomoza mashariki. Hakuna anayetaja kifungu, na hakuna anayemwomba akitaje.

Niseme mapema tusipotezeane muda: sheria hiyo haipo. Haimo katika Sheria ya Ndoa ya 1971, wala haimo katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Kilichopo ni sentensi moja iliyosomwa vibaya, na kwa sababu hii ni kurasa ya watu wanaopenda kusoma, nadhani kesi hii ni yetu kabla haijawa ya mawakili.

Sentensi yenyewe iko kwenye kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa. Inasema itachukuliwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba ni kwa faida ya mtoto wa chini ya miaka saba kukaa na mama yake. Haikuishia hapo. Inaendelea kuitaka mahakama ikumbuke ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Basi. Huyo baba wa miaka saba na siku moja hatajwi popote.

Hebu tusome pamoja. Tangazo la basi likisema watoto wa chini ya miaka saba hawalipi nauli, je, maana yake akitimiza saba anakuwa mali ya konda? Maana yake ni kwamba unafuu ule umekwisha na sasa mambo yatapimwa kwa kawaida. Na kwa mtoto, "kawaida" hiyo imeandikwa wazi kwenye kifungu hicho hicho: jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto. Chini yake ndipo yanapofuata matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Sheria ya Mtoto ikaongeza mengine: umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, maoni yake aliyoyatoa kwa uhuru, ndugu kutotenganishwa, na malezi yake kutokatizwa hovyo.

Sasa kwa nini uongo huu unaishi vizuri hivi? Nina jibu, na halitawafurahisha wengi. Miaka saba ndio umri ambao mtoto wa kijijini anaanza kuacha kuwa gharama na kugeuka kuwa kazi. Homa za usiku zimekwisha. Uji umekwisha. Sasa anaweza kuswaga mbuzi, kuchunga ndama, kuchota maji, kulea mdogo wake. Aliyemkimbia akiwa wa kubebwa mgongoni anamrudia akiwa na miguu ya kutembea nyuma ya ng'ombe.

Nilikutana na mama mmoja upande wa Manonga. Jina lake na la kijiji chake vibaki kwangu. Baba wa mtoto wake aliondoka mtoto akiwa na miezi minane, akaenda machimboni Geita. Yule mama alilima vibarua vya pamba, akauza karanga, akamfikisha mtoto darasa la kwanza. Mwaka wa saba baba akatokea na kaka zake wawili, wakaketi ofisi ya kijiji, akaambiwa, "Mayu, sheria ndiyo hiyo, usibishane na serikali." Mtoto akaondoka na begi la shule. Aliponisimulia, mtoto alikuwa kwa babu yake, anachunga. Begi analo bado, anabebea viazi vya mchana.

Hakwenda mahakamani. Hakuwa mwoga; aliamini. Ukiambiwa sheria imekwishasema, unakwenda kumshitaki nani? Mtendaji wa kijiji hana mamlaka ya kutoa amri ya nani akae na mtoto. Hiyo ni kazi ya mahakama, na Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama ipate taarifa ya afisa ustawi wa jamii aliyechunguza maisha ya mtoto huyo. Nilipomweleza hivyo, aliuliza swali moja tu: "Kwani walinidanganya?"

Najua pingamizi zinazokuja, nitazijibu.

La kwanza: mila. Wanyamwezi na Wasukuma, nitaambiwa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Sawa, lakini isomeni na hiyo mila yote. Kwa mila hiyo ng'ombe wa mahari ndio waliompeleka mtoto kwa baba. Pasipo ng'ombe, mtoto alihesabiwa kwa wajomba zake. Wangapi kati ya hawa wanaopiga meza kwa jina la mila walitoa hata ndama mmoja? Wanaikumbuka mila siku ya kuchukua, siku ya kutoa walikuwa safarini.

La pili: dini. Tabora ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, na kweli umri wa miaka saba unatajwa kwenye fikihi. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, mtoto akifikia umri wa kupambanua anaulizwa achague kati ya baba na mama. Anaulizwa! Pale ofisi ya kijiji nani alimuuliza yule mtoto?

La tatu: wako akina mama wanaowanyima baba watoto wao. Wapo, na sitawatetea. Kuna baba anatuma hela kila mwezi na bado anamwona mtoto wake kwenye picha za simu tu. Sheria ya Mtoto iko upande wake, kwa sababu inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, ili mradi shule isiharibike. Lakini angalieni haki hiyo imeandikwa kwa jina la nani. La mtoto. Mama hawezi kuizuia kwa hasira, na baba hawezi kuidai kama deni la mbuzi.

Na tukija kwenye hela ndipo ukimya unapotanda. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinasema baba ana wajibu wa kutunza watoto wake, wawe kwake au kwa mtu mwingine. Huyu "mtu mwingine" ndiye anayesahaulika. Mbona kijiweni hakuna anayesema "kisheria, baba anatoa matunzo hata kama mtoto yuko kwa mama"? Hiyo ndiyo sheria iliyopo. Uvumi umechagua kubeba ile isiyokuwepo na kuiacha hii njiani. Tusisahau kwamba mpaka 2009 sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Nchi nzima ilizoea kuamini kuwa mtoto hana gharama. Leo mahakama inapaswa kuangalia kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, lakini mazoea hayafutwi na gazeti la serikali.

Lugha yetu nayo ina mkono katika hili. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunasema kitanda hakizai haramu. Hii ya pili ina wema wake, inamkinga mtoto asiitwe haramu, lakini mtaani inatumika kumkabidhi kwa mwenye kitanda. Ziweke pamoja uone: mtoto akiharibika ni wa mama, akifaa ni wa baba.

Na sisi waandishi tumefanya nini? Tunaipenda sana hadithi ya mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi. Nami naipenda. Lakini miezi yote ile aliyokuwa njiani kuna mtu alibaki analima mtama na kulea watoto, na huyo hatumwandikii hata ukurasa. Bertolt Brecht aliichukua hadithi ya zamani ya wanawake wawili wanaogombea mtoto, akaigeuza: kwake mtoto anapewa yule aliyemlea, si yule aliyemzaa. Unaweza kumpinga, lakini alikuwa na ujasiri wa kubadili swali. Sisi habari zetu za familia bado zinauliza "mtoto wa nani?", wakati sheria ya nchi yetu inauliza "mtoto atakuwa salama wapi?"

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo zuri, na limechelewa. Kwa miaka 50 kifungu cha 125 kilikaa kwa Kiingereza huku tafsiri yake ikifanywa na vijiwe. Tafsiri ya kijiwe ina tabia moja: inafupisha pale panapomlinda mnyonge. "Mpaka ithibitishwe vinginevyo" ikaanguka. "Ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto" ukaanguka. Ikabaki namba tupu, saba, na namba tupu humtumikia mwenye nguvu.

Kwa hiyo mtu akikuambia tena habari ya miaka saba, iwe msibani, kwenye basi au kwenye chumba cha habari, usimwitikie kwa adabu. Muulize kifungu gani. Akikosa jibu, muulize na la pili: hiyo miaka saba iliyopita, daftari alinunua nani?