Kipimo Kimoja Hakitoshi Kuihukumu Mvua

Kila mjadala wa mvua ya tindikali unapozuka, swali huwa moja: pH ni ngapi? Mimi nashikilia kwamba swali hilo halitoshi. Mvua safi yenyewe huwa na pH ya takriban 5.6, kutokana na kaboni dayoksaidi iliyomo hewani. Isitoshe, vumbi lenye kalsiamu huweza kuibatilisha tindikali, ilhali salfeti ya moshi imebaki majini bila kutambuliwa.

Hapo ndipo takwimu hutoa ushahidi. Sampuli za misimu kadhaa zikilinganishwa, kemikali zinazopanda na kushuka pamoja huenda zina chanzo kimoja: sodiamu na kloridi hutuelekeza baharini, kalsiamu, kwenye vumbi, salfeti na naitreti, kwenye moshi wa viwanda na magari. Katika msitu wa Hubbard Brook, Marekani, mvua imepimwa tangu 1963, na kumbukumbu hizo zilichangia sheria ya 1990 ya kupunguza salfa.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako familia nyingi hukinga maji ya mvua, kiwanda kisihukumiwe kwa uvumi, wala kisisamehewe kwa kipimo kimoja. Serikali ipime mfululizo, na matokeo yawekwe hadharani.