Baraza Iliyoingizwa Ndani: Hoteli za Kifahari na Haki ya Kuketi Mji Mkongwe

Katika Kiswahili, neno baraza lina maana mbili ambazo mgeni huziona kuwa mbali, nasi tunaziona kuwa jirani. Ni kiti cha mawe na chokaa kilichojengwa ubavuni mwa mlango wa nyumba, kikitazama njia. Ni pia mkutano wa watu wenye kauli: Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, baraza la Idd, baraza la wazee wa mtaa. Kiti na kikao vina jina moja kwa sababu kwa muda mrefu vilikuwa kitu kimoja. Watu waliketi mlangoni, wakanywa kahawa, wakasikilizana, wakabishana, wakapatana.

Nataka kulitumia neno hilo kupima jambo linaloendelea katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba za kale zinageuzwa kuwa hoteli za kifahari, moja baada ya nyingine. Hoja yangu ni kwamba hoteli hizi zinayaokoa mawe, na kwa hilo zinastahili shukrani. Lakini zinauondoa urithi mtaani na kuufungia ndani, nasi wananchi hatujaelezwa ni kitu gani kilidaiwa kwa niaba yetu kama fidia.

Mwezi uliopita nililala siku tatu katika mojawapo ya hoteli hizo, ambayo imefunguliwa hivi karibuni. Nilivuka bahari kutoka Dar es Salaam kuhudhuria warsha kuhusu miji ya kihistoria, na waandaaji ndio waliolipa. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ninayoyasema hayaihusu hoteli hiyo peke yake, na kwa kuwa wahudumu wake ni vijana waungwana wanaoijua kazi yao. Bei ya chumba kama changu, kwa mujibu wa tovuti yao, ni dola 310 kwa usiku mmoja. Kwa wengi wa wahitimu niliowafundisha, hicho ni kiasi cha kufurahia kama mshahara wa mwezi mzima, pale ajira inapopatikana.

Ni hoteli ya aina ambayo mgeni hauziwi kitanda tu, bali umbo la mahali. Kila kitu kimefikiriwa. Kitanda ni samadari iliyochongwa upya kwa mfano wa zile za kale. Ukutani mna zidaka zilizotiwa taa ndogo kwa ndani, na katika kila kidaka kuna dele la shaba au kikapu cha ukindu. Harufu ya udi hukupokea ngazini. Kanga imetiwa katika fremu ya kioo, lakini imekunjwa pindoni hivi kwamba jina lake halisomeki. Aliyeikunja alivutiwa na rangi. Pengine hakujua kwamba kanga husema, na kwamba mwenye kuinunua huanza kwa kusoma isemavyo.

Sitaki kudharau kazi iliyofanyika, kwani aliyeusimamia ukarabati alilielewa jengo. Chumba changu kilikuwa kirefu na chembamba, kama vilivyo vyumba vingi vya mji huo, kwa sababu dari za kale zilibebwa na boriti za mkoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita tatu. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti. Kuta nene za mawe ya matumbawe zilikuwa zimepigwa lipu ya chokaa badala ya saruji. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua: hupokea unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hupanda juu, lipu hubanduka, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza bila mtu kuziona. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazikuangushwa na uzee. Ziliangushwa na paa linalovuja, mvua za masika, na saruji iliyopakwa kwa nia njema.

Basi mawe yamepona. Tutazame sasa kilichowapata watu.

Katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli hiyo mna baraza. Ni ndefu, imesuguliwa kwa chokaa laini, imetandikwa mito, na pembeni yake pana kibao chenye maelezo kwa Kiingereza kwamba Waswahili hukutana barazani kuzungumza. Kwa siku zote tatu, walioketi hapo walikuwa wageni wa hoteli wakisubiri teksi. Nje, kwenye ukuta unaotazama njia, hakuna baraza. Pana safu ya vyungu vikubwa vya maua, vilivyopangwa kwa ukaribu usioruhusu mtu kuketi.

Jioni ya pili nilimsalimu mzee aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba ya mkabala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Niliketi. Baada ya kuulizana hali, nilimuuliza kama nyumba ile ya hoteli iliwahi kuwa na baraza.

"Ilikuwa papo hapo palipo na vyungu. Tukicheza dhumna pale tangu mwenye nyumba yuhai. Walipoanza ukarabati tukahamia huku kwa muda. Ukarabati umekwisha, baraza haikurudi."

Nilimwambia kwamba baraza ipo, imejengwa ndani, karibu na meza ya mapokezi. Alicheka hadi akajifuta macho.

"Basi imepanda cheo. Ukiingia uisalimie."

Kicheko cha mzee yule kina uchambuzi ambao warsha yetu haikuufikia. Baraza ya nje haikuwa pambo. Ilijengwa kwa gharama ya mwenye nyumba, juu ya ukuta wake mwenyewe, ikaachwa kwa matumizi ya mtaa. Mpita njia aliyechoka aliketi bila kuomba ruhusa. Mgeni asiyeweza kuingizwa ndani alipokelewa hapo, stara ya nyumba ikabaki salama. Muuza kahawa alijua barazani ndiko waliko wateja. Kwa hiyo nyumba ya tajiri ilikuwa na deni dogo kwa mtaa, na deni hilo lililipwa kwa jiwe. Hoteli imechukua umbo la jiwe hilo na kulifuta deni.

Wanafunzi wangu wa siasa watasema kwamba kiti ni kiti, na kwamba kuna mambo makubwa zaidi ya kupigania. Nawakumbusha Jaws Corner. Yeyote aliyewahi kupita katika kipembe kile cha Mji Mkongwe nyakati za uchaguzi anajua jinsi siasa za Zanzibar zinavyozungumzwa: kwa vikombe vidogo vya kahawa, juu ya viti vya mawe, na watu wanaofahamiana kwa majina. Mahali pa namna hiyo hapahitaji kibali wala kadi ya mwaliko. Mtaa ukipoteza mabaraza yake, wananchi hawapotezi mapumziko tu. Wanapoteza ukumbi wa kwanza wa kuisema serikali yao.

Hali hii haikuanza na hoteli niliyolala. Pale Shangani lipo jengo la Mambo Msiige, la karne ya 19. Masimulizi ya mji husema tajiri aliyelijenga alilipa jina hilo kwa majivuno, akiwaonya wengine wasijaribu kuiga fahari yake. Kwa miaka mingi lilikuwa na ofisi za serikali, na mwananchi wa kawaida aliingia humo kufuata karatasi zake. Mwaka 2015 lilifunguliwa likiwa sehemu ya hoteli ya kampuni ya kimataifa, Park Hyatt, pamoja na jengo jipya kando yake. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyouingiza Mji Mkongwe katika orodha yake mwaka 2000, ilieleza wasiwasi wake kuhusu mradi huo. Wasiwasi ukaandikwa, hoteli ikafunguliwa.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo lilisimama Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Hilo halikugeuzwa hoteli. Lilipita mikononi mwa masultani, likawa ofisi za utawala wa Kiingereza, na baadaye likawa makumbusho ya taifa ambamo watoto wa shule walipelekwa kuitazama historia yao. Lilichakaa hadi likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha.

Yaweke majengo hayo mawili bega kwa bega, ndugu msomaji, na uone funzo ambalo mji unalitoa kwa kizazi kipya. Jengo linalouzwa kwa usiku limesimama imara, lina rangi mpya na mlinzi mlangoni. Jengo la watu wote liliachwa hadi likaanguka. Mtoto anayekua kati ya hayo mawili atahitimisha kwamba urithi huhifadhiwa pale tu unapoweza kukodishwa, na itakuwa vigumu kumwambia kwamba amekosea.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.9. Utalii ndio mhimili wa uchumi wa visiwa hivyo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mali ya serikali tangu zilipotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni za wakfu, na nyingine ni za familia ambazo warithi wake wametawanyika. Kodi ya pango inayolipwa na wapangaji wa kawaida haitoshi hata kuziba paa. Anayekuja na fedha za kununua chokaa, boriti na ujuzi, anakuja na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Ajira zipo pia, na niliziona.

Naikubali hoja hiyo, lakini haielezi kwa nini baraza ilazimike kuondoka. Vyungu vya maua havikuokoa ukuta wowote. Tunaweza kumpokea mwekezaji na bado tukamwekea masharti, kwa kuwa anachokitaka, yaani umbo la mji wetu, hakipatikani penginepo. Na mifano ya njia nyingine tunayo humo humo mjini. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa kwa fedha za Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ikafunguliwa upya mwaka 2009, na hadi leo mwananchi na mtalii wanakunywa juisi ya miwa na kula urojo ukutani pamoja, bila mlinzi kuwatenganisha. Mfuko huo huo ulilikarabati jengo la Zahanati ya Zamani katika miaka ya 1990, na katika kazi hiyo mafundi wa hapa walifundishwa upya ujenzi wa chokaa na uchongaji.

Kwa hiyo nayaweka mezani mambo manne. Kwanza, mikataba yote ya kukodisha majengo ya umma ndani ya Mji Mkongwe iwekwe wazi, na Baraza la Wawakilishi liijadili kabla ya kusainiwa. Pili, mamlaka ya uhifadhi, ambayo imekuwapo tangu 1985, isiishie kwenye milango na madirisha: baraza ya nje ihesabiwe kuwa sehemu ya jengo na sehemu ya mtaa, na anayeiondoa airudishe kwa gharama yake. Tatu, sehemu ya tozo wanazolipa wageni kwa kila usiku ielekezwe, kwa hesabu inayochapishwa, kwenye nyumba za wakfu na za serikali zinazokaliwa na watu wa kawaida. Nne, kila ukarabati mkubwa uchukue vijana wa kujifunza ufundi wa chokaa, ili ujuzi ubaki hapa fundi mgeni anapoondoka.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina neno la ziada. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais Magufuli aliagiza mikutano ya serikali ifanyike katika kumbi za serikali badala ya hoteli. Agizo lile lilieleweka kama suala la kubana matumizi, na lilipaswa kueleweka kwa upana zaidi. Mjadala kuhusu mji wa watu unapofanyika ndani ya ukumbi ambao watu wa mji hawawezi kuingia, hata hoja nzuri hukosa mashahidi. Katika warsha yetu hakuwapo hata mkazi mmoja wa mtaa ule. Mzee wa dhumna alikuwa hatua ishirini kutoka tulipokaa.

Na kwa wanafunzi, hasa wa usanifu majengo, sosholojia na historia: hakuna haja ya kusubiri mfadhili. Chukueni daftari na mpite kichochoro kwa kichochoro, kuanzia Shangani hadi Malindi. Hesabuni mabaraza yaliyobaki. Andikeni yapi yanakaliwa, yapi yamezibwa, yapi yamebomolewa, na waulizeni wazee ni lini na nani alitoa ruhusa. Orodha hiyo ikikamilika, pelekeni nakala moja kwa mamlaka ya uhifadhi na nyingine kwa mwakilishi wenu, kisha mdai majibu kwa maandishi.