Besi ya bei nafuu si aibu, aibu ni kucheza ya mwenyewe maisha yote

Ukishuka stendi ya Kitui jioni, au ukipita Wote siku ya soko, kitu cha kwanza kukufikia ni besi. Inatoka kwa kinyozi, inatoka kwa muuza simu, inatoka kwenye matatu inayosubiri abiria wa mwisho. Benga ya Ukambani husimama juu ya besi. Msikilize Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers, ama Peter Mwambi na Kyanganga Boys, ama Katitu Boys. Gitaa la solo litaimba litakavyo, lakini anayekuinua kitini ni yule jamaa wa nyuma ambaye hata jina lake hulijui.

Sasa jaribu kumtafuta jamaa huyo leo. Kwenye sherehe nyingi ninazohudhuria, kazi yake inafanywa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Wengine husema vijana hawataki tena kujifunza besi. Si kweli. Wanaoijua wapo, na wengi wamejifunzia kanisani. Shida ni kwamba gitaa si lao. Ni la kanisa, linafungiwa kabatini hadi Jumapili, ama ni la mwenye bendi.

Na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Shoo ikiisha saa kumi alfajiri, pesa zinahesabiwa hivi: vyombo kwanza, petroli pili, wewe mwisho. Ukiuliza, unaambiwa kuna kijana mwingine anaweza kushika hilo gitaa wikendi ijayo. Nimekuwa huyo wa mwisho kwa miaka mitatu, kwa hivyo nayajua maumivu yake.

Ndiyo maana nasema: nunua besi yako. Usingoje Fender. Nunua ya bei ya chini, kisha uirekebishe.

Najua mtaniambia rahisi huvunja upishi. Kwa gitaa, methali hiyo ni kweli nusu. Besi nyingi za bei nafuu si mbovu, ni vile tu hazikumaliziwa. Kiwanda kimebana saa za kazi ya mkono: freti hazikusawazishwa, nyuzi zimekaa juu mno, waya za ndani zimelehemiwa haraka haraka. Kilichokosekana ni kazi ya fundi, na fundi tunao.

Tena kumbuka gitaa hili lilitoka wapi. Leo Fender, aliyetoa besi ya Precision kule California mwaka wa 1951, alikuwa fundi wa redio mwenye duka lake la kutengeneza redio. Alitengeneza kitu chepesi kufungua: mwili wa ubao mmoja mnene, shingo iliyoshikiliwa kwa skrubu nne, pikapu na vitufe viwili vya sauti. Yaani besi hiyo ilizaliwa mikononi mwa mtu kama yule mzee mwenye kibanda cha redio karibu na stendi yenu.

Ya kwangu niliipata Nairobi, mtumba, Sh8,500. Nikafanya kosa la kijana yeyote: nikaanza na urembo. Niliipaka rangi nyeusi ya kunyunyizia, nikamaliza karibu Sh2,000. Ilikuwa inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na bado haikupatana na kinanda hata noti tatu. Kanisani waligeuka wote kuniangalia.

Mpangilio unaofaa ni huu. Kwanza, nyuzi mpya. Zilizochakaa hazishiki sauti hata ukikaza vipi. Kama mfuko umetoboka, zitoe uzichemshe kwenye maji safi dakika chache uondoe jasho na uchafu, uzikaushe vizuri. Zitafufuka kwa muda.

Pili, shingo. Ndani yake kuna chuma kinachozuia nyuzi zisiikunje. Kigeuze kwa alenki, robo mzunguko tu, kisha usubiri. Ukikutana na ugumu, acha. Ukilazimisha, kimekatika, na gitaa limekufa.

Tatu, urefu wa nyuzi. Shusha vile vijichuma vya chini hadi vidole visiumie, lakini uzi usigonge freti na kulia kama nyuki. Kisha piga uzi wazi, ubane kwenye freti ya 12, ulinganishe kwa programu ya simu. Inafaa upate noti ile ile, juu kwa oktava moja. Kama haipatani, sogeza kijichuma mbele au nyuma. Kazi hii haina gharama yoyote, na ndiyo iliyonitoa aibu.

Nne, kwa sisi wa sehemu kavu. Kiangazi cha Kitui na Makueni hukausha mbao zikanywea, lakini freti ni chuma, hazinywei. Ncha zake hutokeza pembeni zikakukwaruza kiganja kama miiba. Usilitupe gitaa. Chukua tupa ndogo, piga ncha polepole, umalize na msasa laini.

Tano ndipo uguse umeme. Mvumo ukizidi, fundi wa redio akaze jeki, alehemu upya waya ya ardhi, abandike utepe wa shaba ndani ya shimo la vitufe. Pikapu mpya, na sisemi ile ya kubeba mchanga, iwe ya mwisho kabisa. Mimi bado natumia ile ya zamani.

Kuna kitu kimoja ambacho fundi wa mtaani hakiwezi: shingo iliyojipinda kama kamba. Kabla ya kutoa pesa, shika gitaa kama mtu anayelenga shabaha, uangalie shingo kutoka juu hadi chini. Piga kila freti kwenye kila uzi. Omba lichomekwe kwenye amplifaya. Muuzaji akikuambia umeme umepotea, rudi umeme ukirudi.

Nina neno pia kwa kaunti zetu. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti. Useremala unafundishwa humo, umeme unafundishwa humo. Kutengeneza gitaa ni ufundi huo mmoja na ule mwingine kwenye meza moja. Makueni iliona maembe yanaozea shambani ikajenga kiwanda cha kuyasindika pale Kalamba. Hizi besi zilizovunjika zilizojaa makanisani na chini ya vitanda vya vijana ni maembe pia. Meza moja, tupa, kikaango cha lehemu na mwalimu mmoja vinatosha kuanza.

Lakini usingoje kaunti, kama vile hukufaa kungoja Fender. Besi yangu bado ina alama za ile rangi mbaya. Haijawa ya ghali, na mtu akiisikia usiku kwenye harusi hajui iligharimu pesa ngapi. Tofauti ni kwamba siku hizi malipo tunaelewana kabla ya shoo, kwa sababu nikiondoka, besi inaondoka na mimi.