Paka Apepesukaye

Katika nyumba za Gorong'a paka hupendwa, kwa kuwa hulinda mahindi na ulezi, panya wasile. Lakini akizaliwa paka ambaye kichwa chatetemeka na miguu yapepesuka, wako wasemao, "Huyu amerogwa," wakamtupa. Neno hilo si kweli, wala tendo hilo si haki.

Mara nyingi sababu ni hii: mama yake alipokuwa na mimba alishikwa na maradhi ya paka, na sehemu ya ubongo wa mtoto iongozayo mwendo haikukua sawasawa. Hali hiyo haimwumizi, haiambukizi watu, wala haizidi. Yafaa alelewe. Akilishwa vema, na kuwekwa mbali na moto na mashimo, huweza kuishi miaka mingi kama wenziwe.

Lakini huruma iende na busara. Paka aliyekuwa mzima, kisha akaanza ghafula kupepesuka au kuuma, asiguswe. Huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali siku ile ile.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama. Na wahenga walikwisha sema zamani: Hujafa hujaumbika.