Karatasi ya Mwalimu wa Jiometri



Mwezi wa Januari 2026 binti wa dada yangu aliniletea karatasi kutoka shuleni nitie sahihi. Yeye yuko kidato cha tatu, na mimi mjomba wake ndimi nimlipiaye karo. Karatasi ilikuwa na kichwa kisemacho kwamba haya ndiyo yanayotarajiwa katika darasa la hesabu, sehemu ya jiometri. Niliisoma pole pole. Ilitaka mwanafunzi awe na bikari, rula, kipimapembe na penseli iliyochongwa, asichelewe, daftari lisiwe na madoa, kazi ya nyumbani iletwe asubuhi, asiyeifanya ataadhibiwa. Yalikuwa mambo kumi na moja. Nikaigeuza nione yaliyoandikwa juu ya yale atakayoyajua mtoto mwaka utakapokwisha. Nyuma palikuwa peupe.

Nilitia sahihi, maana hayo kumi na moja yote ni mema. Lakini sisi watu wa reli twajua kwamba mnyapara akigawa kazi hasemi tu, "Njoo mapema na koleo safi." Husema, "Kuanzia nguzo hii mpaka ile, mataruma mabovu yatolewe, mapya yaingie, kokoto zishindiliwe." Jioni anakuja kutazama, na kila mtu ajua kama kazi imekwisha au haikwisha. Mtoto naye yafaa aambiwe kazi yake ni ipi, na mzazi aambiwe pia, ili jioni ya mwaka tuweze kutazama.

Nitaeleza kwa nini jambo hili laniuma mimi niliyeishia darasa la nane katika shule ya misheni, mwaka 2004, kwa kukosa karo.

Mwaka 2019 genge letu lilitumwa kupima kona moja ya njia. Kwa wale wasiofanya kazi ya njia: kona hupimwa kwa uzi. Watu wawili hukaza uzi kwenye reli ya nje, upande wa ndani wa kichwa chake, na mtu wa tatu hupima kwa rula kutoka katikati ya uzi mpaka kwenye reli. Reli ikiwa imepinda sana, nafasi hiyo ni kubwa. Ikiwa imepinda kidogo, ni ndogo. Kona yetu ilikuwa ya nusu kipenyo mita 250, na kitabu kilisema kwamba kwa uzi wa mita 20 tupate milimita 200. Siku hiyo uzi wetu mrefu ulikuwa umekatika. Tukatumia uzi wa mita 10, tukapata milimita 50 kila mahali, tukaandika hivyo.

Msimamizi alipoona 50 mahali pa 200 alikasirika. Tukamweleza kwamba uzi ulikuwa nusu. Akasema, "Uzi nusu, basi kipimo nusu. Ilikuwa mpate 100. Mmepata 50, kwa hiyo mmeiharibu kona." Akasema tutaandikiwa barua ya onyo genge zima.

Nami niliamini maneno yake. Nilikuwa nimepima kona miaka sita, na niliinamisha kichwa kama mtu aliyekosa kweli. Nilianza hata kukumbuka ni wapi tuliposhindilia vibaya.

Katika genge letu alikuwako kijana mmoja aliyefika kidato cha nne. Akasema kwa adabu, "Bwana, uzi nusu hautoi kipimo nusu. Hutoa robo." Msimamizi akacheka. Kijana akachukua chaki akachora duara kwenye ukuta wa banda la vyombo. Mhariri aniwie radhi, mashine yetu ya kurudufu haipendi michoro, kwa hiyo nitaeleza kwa maneno na msomaji achore mwenyewe.

Chora duara. Ndani yake piga mistari miwili inayopitana, kila mmoja uguse duara ncha zote mbili. Mahali inapopitana, kila mstari umekatwa vipande viwili. Zidisha vipande viwili vya mstari wa kwanza. Zidisha vipande viwili vya mstari wa pili. Jibu ni moja, po pote utakapoipitisha. Sasa uzi wetu wa mita 10 ni mstari wa kwanza, nao umekatwa katikati: 5 mara 5 ni 25. Mstari wa pili unapita katikati ya uzi na katikati ya duara. Kipande chake kifupi ndicho tunachokipima kwa rula, na kile kirefu ni karibu kipenyo kizima, mita 500. Basi 25 gawanya kwa 500 ni 0.05 ya mita, yaani milimita 50. Ukichukua uzi wa mita 20, ni 10 mara 10, ndiyo 100; gawanya kwa 500, ni milimita 200. Kona ilikuwa nzima.

Tuliunga uzi mrefu tukapima tena mbele ya msimamizi. Tukapata 199, 201, 200. Barua haikuandikwa. Lakini yule kijana alikuwa amejua kabla ya uzi kuungwa, na msimamizi alipomwuliza, "Umejuaje?" aliweza kujibu. Sisi wengine saba tungechukua barua ile na kuiweka mfukoni.

Ndugu zangu, somo lile la mistari inayopitana ndani ya duara ndilo analosoma binti wa dada yangu mwaka huu katika kidato cha tatu. Si jambo la Wazungu wa jana wala juzi. Euclid aliliandika katika kitabu cha tatu cha vitabu vyake kumi na vitatu, miaka kama 300 kabla ya Kristo, naye alifundisha katika mji wa Alexandria, huko Misri, katika bara letu hili. Basi likizo ya Aprili ilipofika nilimwita mtoto nikampa hesabu yangu ya kona. Aliifanya upesi kuliko mimi. Nikafurahi. Kisha nikamwuliza, "Kwa nini majibu mawili yawe sawa?" Akanitazama kwa mshangao. "Mjomba, hilo haliulizwi."

Hapo ndipo nilipoitoa ile karatasi tena.

Tulichukua kifuniko cha sufuria tukachora duara juu ya boksi. Akapiga mistari miwili, akapima. Mstari wa kwanza, sentimita 6 na 8, yaani 48. Wa pili, 4 na 11.9, yaani 47.6. Akasema, "Basi si sawa." Nikamwambia penseli yake ni butu. Akasema, "Utajuaje kwamba kosa ni la penseli, si la kanuni?" Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyosikia siku hiyo, nami sikuweza kulijibu kwa rula, maana hata ukichonga penseli mara mia, rula haitakuambia juu ya maduara ambayo hukuyachora. Nikamwonyesha alivyofanya yule kijana ukutani: unganisha ncha za mistari upate pembetatu mbili zinazotazamana. Pembe zinazotazama tao moja la duara ni sawa, jambo alilosoma kidato cha pili. Kwa hiyo pembetatu hizo zina umbo moja, moja ndogo na moja kubwa, na pande zao zinalingana kwa uwiano. Kutoka hapo alimaliza mwenyewe. Alirudi jikoni akawaita wadogo zake akawaeleza.

Haya basi ndiyo ningetaka yaandikwe upande ule mweupe wa karatasi. Mwaka ukiisha mtoto aweze kuchora kwa bikari na rula bila kushikwa mkono. Kila hatua anayoandika, aseme sababu yake, na sababu isiwe "mwalimu alisema" wala "ndiyo fomula." Ajue tofauti ya kupima na kuthibitisha. Tena atolewe nje ya darasa, japo mara moja kwa muhula, apime kitu cha kweli: paa, mteremko wa njia, urefu wa tangi la maji kwa kivuli chake. Fundi mwashi apigaye kona ya msingi kwa kamba ya 3, 4 na 5 anafanya jiometri, na mtoto wake hajui kwamba baba afanya kitu kile kile kilicho kitabuni.

Wengine watasema mtihani hautaki hayo. Ni kweli kwa sehemu. Katika karatasi za hesabu za KCSE sehemu ya pili mtoto huchagua maswali matano kati ya manane, kwa hiyo aweza kuliruka swali la jiometri akachukua jingine, na mwalimu mwenye haraka humfundisha kuruka. Tena maswali mengi husema "tafuta," machache husema "onyesha kwa nini." Simlaumu mwalimu peke yake. Darasa la mpwa wangu lina watoto zaidi ya hamsini, na bikari kubwa ya ubaoni ilivunjika mguu, hufungwa kwa kamba. Mtu huyo naye ni mfanya kazi kama sisi, ana chama chake, na aandikapo kanuni kumi na moja za nidhamu labda ni kwa sababu nidhamu ndiyo kitu pekee anachoweza kukidai bila fedha.

Lakini kuna jambo jingine linalokuja nalo latuhusu zaidi. Watoto wa kidato cha tatu wa mwaka huu ndio wa mwisho katika mpango wa 8-4-4. Watafanya mtihani wao mwaka 2027. Nyuma yao wako watoto wa mtaala mpya, walioanza gredi ya 10 mwaka huu. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba hesabu itakuwa ya lazima kwa wote, ila ziwe za namna mbili: hesabu kamili kwa waendao upande wa sayansi na ufundi, na hesabu nyepesi zaidi kwa wengine. Sipingi kuwako namna mbili. Mtoto apendaye muziki asiteswe bure. Ninaloogopa ni kwamba shule isiyo na mwalimu wa kutosha wala bikari nzima itawapeleka watoto wetu kwenye ile nyepesi na kusema wamechagua wenyewe. Na mzazi, mchovu wa zamu ya usiku, atatia sahihi, kama nilivyotia mimi.

Najua wako ndugu watakaosema kwamba jiometri haiweki unga ndani ya sufuria. Mimi nimetandika mataruma miaka kumi na mitatu bila kuthibitisha kitu cho chote, na unga umepatikana. Lakini siku ile ya banda la vyombo unga wa watu wanane ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja aliyekosea hesabu, na aliyeuokoa ni kijana aliyefundishwa kusema "kwa sababu."

Naomba tawi letu lifanye mambo mawili madogo. Ukumbi wa chama hukaa bure Jumamosi alasiri; yule kijana amekubali kufundisha watoto wa wanachama, na hata wanachama wenyewe, akipewa ubao na chaki. La pili, kila mzazi aendaye mkutano wa shule aulize: mtoto wangu atajua nini mwisho wa mwaka, na nitaonaje kwamba amejua?

Karatasi ile mpwa wangu hakuirudisha bado. Nimeandika maswali hayo mawili upande wake wa nyuma, kwa herufi kubwa, na nikaacha nafasi ya mwalimu kujibu. Mkutano wa wazazi ni mwezi ujao, nami nimekwisha omba kubadilishiwa zamu.

Mfanya kazi wa Njia